Ligi za vyuo Marekani zahamia penye pesa, mkimbiaji wa kwetu yuko njia panda

MASAFU, Busia

Jumamosi jioni vibanda vya video vya Masafu hujaa watu wa Arsenal na Manchester United. Hakuna anayetoa shilingi yake kutazama chuo cha Washington State kikicheza na Oregon State, na pengine hatatokea. Lakini yaliyovipata vyuo hivyo viwili kati ya Juni 2022 na Agosti 2023 yanazihusu familia nyingi za Nandi, Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet, pamoja na zile za upande huu wa Mlima Elgon zinazotamani njia hiyo hiyo. Kwa karibu nusu karne, mbio za miguu zimekuwa bidhaa ambayo Afrika Mashariki inaivusha hadi Marekani bila ushuru: kijana anakimbia, chuo kinalipa karo, chakula na malazi. Sasa mnunuzi amehamisha duka.

Anayelipa karo hiyo si shabiki wa riadha. Ni runinga, na runinga hailipii riadha. Inalipia futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, unaokusanya mamilioni ya watazamaji kila Jumamosi ya msimu wa vuli. Pesa hizo huingia katika mfuko wa michezo wa chuo, na mfuko huo ndio unaobeba kuogelea, tenisi, mieleka na mbio za nyika. Muuza chai kando ya barabara ya Busia anauelewa mpangilio huu bila kufafanuliwa, maana yeye naye anaishi kwa foleni ya malori ambayo si yake. Kenya na Uganda zilipozindua rasmi kituo cha pamoja cha forodha cha Busia Februari 2018, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili, mwenye lori alipata nafuu. Anayemuuzia chai dereva aliyekwama ana hesabu nyingine.

Umoja uliovunjwa na gawio

Vyuo vya Marekani havichezi katika ligi moja ya taifa. Vimejigawa katika jumuiya za kanda, kila moja ikiwa na kanuni zake, kamishna wake na mfuko wake. Jumuiya ndiyo inayouza haki za matangazo kwa niaba ya wanachama wote, kisha inawagawia mapato. Pac-12 ilikuwa ya pwani ya magharibi, yenye mizizi ya mwaka 1915. Big Ten ilikuwa ya majimbo ya kati kaskazini, na SEC ya kusini. Kwa miongo mingi jirani alicheza na jirani, na ushabiki ulitokana na ujirani huo.

Mlango wa biashara ulifunguliwa na mahakama. Mwaka 1984 vyuo vya Oklahoma na Georgia vilishinda kesi katika Mahakama ya Juu ya Marekani dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. Tangu hapo NCAA haikuweza tena kuamua ni mechi ngapi za futiboli zionyeshwe na nani alipwe nini. Kila jumuiya ikawa muuzaji. Na muuzaji mwenye bidhaa inayotoka haraka hakukawia kujiuliza kwa nini agawane sawa kwa sawa na mwenye kibanda kisicho na wateja.

Julai 2021, Texas na Oklahoma zilitangaza kuihama Big 12 na kwenda SEC. Juni 30, 2022, vyuo viwili vikubwa vya Los Angeles, USC na UCLA, vikatangaza kwamba kuanzia 2024 vitakuwa Big Ten. Wiki saba baadaye, Agosti 18, Big Ten ikatangaza mikataba yake na Fox, CBS na NBC: miaka 7, zaidi ya dola bilioni 7. Los Angeles ni soko la pili kwa ukubwa la runinga nchini humo, na soko hilo ndilo lililonunuliwa. Umbali haukumshughulisha mnunuzi. Kutoka Los Angeles hadi New Jersey, kilipo chuo cha Rutgers ambacho sasa ni mwanachama mwenza, ni karibu kilomita 3,900 kwa ndege. Entebbe hadi Johannesburg hazifiki kilomita 3,000.

Pac-12 iliyobaki ilizunguka mwaka mzima ikitafuta mnunuzi. Ofa iliyofika mezani mwanzoni mwa Agosti 2023 ilitoka kwa Apple. Kwa mujibu wa taarifa za wakati huo ilikuwa takribani dola milioni 23 kwa kila chuo kwa mwaka, na kuongezeka kwake kungetegemea idadi ya watu ambao wangejisajili na kulipia. Oregon na Washington waliitazama, kisha Agosti 4 wakaondoka kwenda Big Ten, huku wakikubali gawio pungufu la takribani dola milioni 30 kwa kuanzia, karibu nusu ya lile la wenyeji. Nusu mkate wa jirani ulikuwa mkubwa kuliko mkate mzima wa nyumbani. Siku hiyo hiyo Arizona, Arizona State na Utah wakaifuata Colorado katika Big 12. Septemba 1, Stanford na California, vyuo vinavyopata upepo wa Bahari ya Pasifiki, vikakubaliwa katika jumuiya inayojiita ya Pwani ya Atlantiki. Jina halikubadilishwa. Pamoja navyo kiliingia chuo cha SMU cha Dallas, ambacho kilikubali kutopokea gawio la runinga kwa miaka 9 mradi tu kiwe ndani ya uzio.

Wakabaki wawili, Oregon State ya mji wa Corvallis na Washington State ya mji wa Pullman. Hakuna kosa walilofanya uwanjani. Hawakuwa na mji mkubwa nyuma yao, basi.

Wasomaji wenye umri wa kutosha wameshawahi kuona nyumba ikivunjika hivi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilisambaratika mwaka 1977. Sababu zilikuwa nyingi, utawala wa Idi Amin ukiwa mmojawapo, lakini chini yake palikuwa na hesabu za kugawana: Tanzania na Uganda ziliona viwanda na faida vikirundikana Kenya, na Kenya nayo haikukubali kwamba inanufaika kwa jasho la wenzake. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi Novemba 1983, na mkataba wa kugawana mali na madeni ulipatikana Mei 1984. Wafanyabiashara wa wakati huo walilipa gharama ya ugomvi ambao hawakuuanzisha.

Huko Marekani hawakufunga mipaka, walikwenda kortini. Wawili waliobaki walidai kwamba anayehama hana haki ya kupiga kura juu ya mali ya nyumba anayoiacha. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliwaachia udhibiti wa bodi, na katika mapatano yaliyofuata mwaka 2024 wahamaji 10 waliacha nyuma takribani dola milioni 65. Mkataba wa EAC ya sasa, uliotiwa saini Novemba 30, 1999, uliliona tatizo hili mapema: nchi inayotaka kujitoa hutoa notisi ya miezi 12 na hubaki na wajibu wake wote hadi siku ya kutoka.

Pullman na Nandi

Kati ya vyuo vyote vya Marekani ambavyo vingeweza kuachwa nje, kilichoachwa ni kile ambacho Afrika Mashariki inakifahamu zaidi. Katika miaka ya 1970 kocha John Chaplin wa Washington State alianza kuleta Wakenya Pullman, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano. Mmoja wao, Samson Kimobwa, aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Helsinki mwaka 1977 kwa dakika 27 na sekunde 30.5. Rekodi hiyo ilidumu mwaka mmoja tu, na aliyeivunja alitoka chuo hicho hicho.

Henry Rono, kijana wa Nandi, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 za mwaka 1978. Aprili 8 ilikuwa mita 5,000 mjini Berkeley. Mei 13, mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Seattle. Juni 11, mita 10,000 mjini Vienna, na Juni 27, mita 3,000 mjini Oslo. Hakuna mkimbiaji mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Michezo miwili ya Olimpiki, ya 1976 na 1980, ilimpita kwa sababu Kenya ilisusia yote miwili, kwa hiyo hakuwa na medali ya kuonyesha.

Jambo la kuangalia katika orodha hiyo ni miji miwili ya kwanza. Berkeley ndipo kilipo chuo cha California na Seattle ndipo kilipo chuo cha Washington, na vyote viwili vilikuwa katika jumuiya moja na Washington State. Rono hakuhitaji tiketi ya kwenda Ulaya ili aweke rekodi zake mbili za mwanzo. Ratiba ya kawaida ya pwani ya magharibi ilimpa nyimbo nzuri za kukimbilia, washindani na waandishi wa habari. Jumuiya ya kanda ilikuwa dirisha la duka lake. Leo California iko katika jumuiya moja na vyuo vya North Carolina, na Washington iko pamoja na vya Ohio na Michigan.

Waliofuata walipitia mlango huo huo au wa jirani. Julius Korir, aliyetwaa dhahabu ya kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, alikuwa wa Washington State. Mtanzania Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, alisoma chuo cha UTEP kule El Paso, Texas. Edward Cheserek alishinda mataji 17 ya taifa akiwa Oregon kati ya 2013 na 2017, wakati Oregon ikiwa bado Pac-12.

Rono alifariki Nairobi Februari 15, 2024, akiwa na umri wa miaka 72. Mwanzoni mwa Agosti mwaka huo huo, wanachama 10 wakahesabiwa rasmi kuwa nje ya Pac-12.

Mwaka mmoja baadaye makali yalifika kwenye riadha yenyewe. Juni 2025, Washington State ilitangaza kufuta mashindano ya kuruka na kurusha, kupunguza mbio fupi na za viunzi, na kuelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Wamarekani wengi waliisoma habari hiyo kama msiba, na kwa mrusha tufe ni msiba kweli. Kwa macho ya mtu wa Iten au Kapchorwa inasomeka tofauti. Chuo kilipofilisika kiliuza kila kitu kwenye rafu isipokuwa bidhaa moja, na bidhaa hiyo ni ile inayotoka kwetu. Sababu ni ya duka tu. Mbio za nyika hazihitaji mikeka ya kurukia wala vyuma vya kurusha. Timu inahesabiwa pointi za wakimbiaji 5 wa kwanza. Kocha mwenye bajeti ndogo akipata watano wazuri, jina la chuo linarudi magazetini.

Kwa hiyo si sahihi kusema soko la mkimbiaji wa Afrika Mashariki limekufa. Kinachobadilika ni mnunuzi. Upande mmoja kuna vyuo tajiri vinavyotaka mataji ya kila aina, na upande wa pili kuna vyuo vilivyoachwa vinavyong'ang'ania mbio ndefu kwa sababu ni nafuu. Hawa wa pili ndio watakaotoa ahadi nyingi, na ndio wenye mfuko unaovuja.

Mfuko mmoja, midomo mingi

Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano yaliyoondoa nguzo ya mwisho ya mfumo wa zamani. Vyuo sasa vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Juu ya hapo, wanamichezo waliopita watalipwa takribani dola bilioni 2.8 katika kipindi cha miaka 10. Ni haki yao. Kwa miongo mingi walijaza viwanja na kuondoka na cheti tu. Swali ni pesa hizo zinatoka wapi, na jibu ni mfuko ule ule.

Katika mgao wa fidia, karibu asilimia 75 ya sehemu kubwa inakwenda kwa futiboli, 15 kwa mpira wa kikapu wa wanaume, 5 kwa mpira wa kikapu wa wanawake, na 5 iliyobaki kwa michezo mingine yote. Vyuo vingi vimeichukua hesabu hiyo hiyo kama kipimo cha malipo mapya. Riadha imo katika asilimia 5, ikigawana na kuogelea, gofu, mieleka na wengine.

Kwenye karatasi mlango umepanuliwa. Zamani chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa ufadhili wa masomo 12.6 kwa riadha na nyika ya wanaume na 18 kwa wanawake, na kocha aliukata vipande akawagawia wengi. Sasa vyuo vilivyoingia katika mapatano havina ukomo wa ufadhili. Vina ukomo wa idadi ya wanamichezo, 45 kwa riadha na 17 kwa nyika. Chuo kikitaka kinaweza kumlipia kila mmoja wao. Lakini kwa kipimo hicho hicho timu ya futiboli imetoka ufadhili 85 hadi nafasi 105, na mhasibu anapolazimika kuchagua, hachagui nyika.

Kuna jambo lingine ambalo mawakala hawapendi kulitaja. Mwanafunzi wa kigeni huishi Marekani kwa viza ya masomo, na viza hiyo humbana katika kufanya kazi na kupokea malipo ya kazi. Mchezaji wa futiboli kutoka Alabama anaweza kusaini mkataba wa malipo asubuhi na kununua gari jioni. Mkenya anayeshinda mataji kwa ajili ya chuo hicho hicho anabaki na karo, chumba na chakula. Ni ufadhili mnono kwa mzazi anayehangaika na karo ya Busia, hilo halina ubishi. Ila ni makosa kusikia habari za mamilioni ya dola na kudhani yatafika Kapsabet.

Kwamba wanashinda, hakuna shaka. Kwenye mashindano ya taifa ya vyuo mjini Eugene, Juni 2025, Wakenya walitwaa mita 5,000 na 10,000 kwa wanaume na wanawake: Brian Musau wa Oklahoma State, Ishmael Kipkurui wa New Mexico, na Pamela Kosgei, pia wa New Mexico, aliyebeba zote mbili za wanawake. Doris Lemngole wa Alabama aliongeza mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 58.15. Ushindi wa namna hii umezua mjadala kule kuhusu idadi na umri wa wakimbiaji wa kigeni. Mpokeaji akianza kulalamika kwamba mzigo wako ni mwingi sokoni, mfanyabiashara wa mpakani anajua kinachofuata: kibali kipya, au ushuru kwa jina jingine.

Karibu na nyumbani

Hakuna haja ya kuvuka bahari ili kuona runinga ikiamua ligi. Mwaka 2017 Kenya ilibishana kama ligi kuu iwe na timu 16 au 18. Shirikisho lilitaka 18, kampuni iliyoendesha ligi ilipinga, na mwishowe zikawa 18. SuperSport, iliyokuwa ikirusha mechi na kulipa, ilisema huo ni ukiukaji wa mkataba na Aprili mwaka huo ikajiondoa. Timu mbili zikapata nafasi katika ligi isiyo na kamera. Agosti 2019 SportPesa nayo ikasitisha udhamini wake katikati ya mvutano na serikali kuhusu kodi na leseni za kamari, na klabu kubwa kama Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki zikichangisha nauli.

Tanzania ilikwenda upande mwingine. Mei 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi za Tanzania bilioni 225.6 kuonyesha ligi kuu. Uganda mwaka 2018 ilikuwa imesaini na StarTimes, pia miaka 10, kwa dola milioni 7.24. Ukizigawa kwa mwaka, kwa viwango vya fedha vya wakati huo, Tanzania inapata karibu dola milioni 10 na Uganda karibu dola laki saba na ishirini, yaani tofauti ya zaidi ya mara 13. Oregon peke yake, kwa gawio lake pungufu, inapata kwa mwaka mara tatu ya ligi nzima ya Tanzania.

Tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya Mganda Khalid Aucho avae jezi ya Yanga miaka minne na Steven Mukwala aende Simba. Hakuna tangazo la serikali lililowahamisha. Soko la pamoja la EAC, ambalo kwa mfanyabiashara wa nafaka bado lina vizuizi vya hapa na pale, kwa mchezaji wa mpira limeshaanza kufanya kazi, na bei yake inapangwa na kampuni ya matangazo yenye makao Dar es Salaam.

Vyuo vya ukanda huu haviko kabisa katika biashara hiyo. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 na chenye makao yake makuu humu humu wilayani Busia kando ya barabara ya Jinja kwenda Tororo, hakina haki za matangazo za kumuuzia mtu. Michezo ya vyuo vyetu inaendeshwa kwa ada ya michezo inayolipwa na wanafunzi na kwa wadhamini wachache. Ni umaskini, lakini una utulivu wake: hakuna atakayeihamisha Busitema kwenda kucheza na vyuo vya Afrika Kusini kwa sababu Kampala ina watazamaji wengi.

Anayebeba riadha ya Uganda kwa kweli ni serikali, kupitia vyombo vyake vya usalama. Joshua Cheptegei, aliyevunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020, ni askari polisi. Stephen Kiprotich, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya 2012, alitoka Magereza. Kenya nayo ina polisi na jeshi. Mshahara wa askari ni mdogo kuliko ufadhili wa chuo cha Marekani, lakini hautegemei kama mji wako una watazamaji wa kutosha, na hauishi kijana anapoumia goti.

Familia inayochagua kati ya njia hizo mbili inafaa kuufanyia mkataba wa chuo ukaguzi ule ule inaoufanyia shehena ya mahindi. Barua ya ufadhili ni ya mwaka mmoja au ya miaka minne? Je, inaendelea kijana akiumia, au kocha aliyemsajili akihama? Chuo kiko jumuiya gani, na mkataba wa runinga wa jumuiya hiyo unaisha lini? Kimefuta michezo mingapi katika miaka miwili iliyopita? Dalali anayesukuma fomu akishindwa kujibu la mwisho, majibu yamo kwenye tovuti ya chuo, na kijana yeyote mwenye simu atayapata kabla chai haijapoa. Mabinti wasiachwe nyuma katika mazungumzo haya. Zamani ufadhili wao ulikuwa mwingi kuliko wa kaka zao, na mataji ya Lemngole na Kosgei yanawafanya makocha waendelee kutafuta wasichana.

Pac-12 nayo haijazikwa. Oregon State na Washington State walizitumia pesa walizobakiwa nazo kukusanya wengine: Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State, kisha Gonzaga isiyocheza futiboli, na mwisho Texas State. CBS ndiyo mshirika mkuu wa matangazo. Jumuiya hiyo mpya imepangiwa kuanza Julai 1, 2026, na wiki chache baada ya hapo msimu wa nyika unafunguliwa. Kocha anayetaka wakimbiaji watano kwa ajili ya msimu huo hangoji Julai kuwatafuta.